Filimbi ya walinzi wa mwili: kanseri ya mapafu, dawa mupya, na sanduku letu

(Maneno ya kamati ya afya mbele ya mukutano mukubwa wa wanamemba. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.)



Munajua sababu gani kamati imesimama leo na neno hili. Mwaka uliopita baba mumoja, mwanamemba wetu toka siku za kwanza, mutu aliyerudi na boti kutoka Kigoma pamoja na wengi kati yetu, alipatikana na kanseri ya mapafu. Jamaa yake ilileta barua kwa kamati. Waliomba sanduku liwakopeshe dolari 6 000, na wao wenyewe wangeuza shamba lao la michikichi kusudi jumla ifike 18 000. Feza ile ilikuwa ya kulipa kliniki moja ya inchi ya mbali. Kliniki ile iliahidi kwa simu kama ingemupiga baba sindano za «sitokini», zenye kuamusha askari wa mwili wapigane na kanseri.

Sisi wa kamati tulikataa. Kuko watu ndani ya mukutano huu ambao wangali na uchungu juu ya kukataa kule, na tunawaelewa. Mutu akikuomba musaada wa kuponya baba yake, na wewe unamujibu hapana, ni lazima uje mbele ya watu kueleza sababu. Njo kazi ya leo. Tutaeleza sitokini ni kitu gani, sehemu gani ni kweli na sehemu gani ni biashara ya watu. Kisha tutasema kwa wazi ni wapi sisi wenyewe tulikosa.

Walinzi na filimbi

Wale waliokaa Nyarugusu ao Lugufu wanakumbuka sungusungu. Usiku walizunguka kati ya nyumba. Mumoja akiona mwizi, alipiga filimbi. Filimbi yenyewe haipigi mwizi. Filimbi inaita wengine, inawaambia: amukeni, kujeni huku, leteni fimbo. Na kazi ikiisha, kuko namna ya kupiga filimbi ingine, ya kusema: imetosha, rudieni kulala.

Mwili wa mutu uko vile. Ndani ya damu kuko chembe nyeupe, njo walinzi. Kuko aina mingi. Zile zinaitwa chembe T zinajifunza sura ya adui na kumukumbuka. Kuko zingine zinaitwa NK, hizo zinaua chembe yenye kuharibika bila kungoja mafundisho. Sitokini ni filimbi zao. Ni vitu vidogo sana, aina ya protini, ambavyo chembe moja inaachilia kusudi chembe ingine isikie. Kuko filimbi ya kuamusha, kuko ya kuzalisha walinzi wengi, kuko ya kutuliza. Ukigonjwa malaria na mwili unatetemeka kwa homa, homa ile inaletwa na filimbi hizo zinapolia.

Kwa hiyo mutu akisema «sitokini», hasemi uchawi wala hasemi uongo. Anasema kitu ambacho kiko ndani ya kila mumoja wetu hapa, saa hii. Swali ni hili: je, munganga anaweza kushika filimbi ile kwa mukono wake, akapiga, walinzi wakaenda paka kwa kanseri, bila kuvunja nyumba yote?

Njia ndefu ya waganga

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1891, munganga wa upasuaji William Coley, wa New York, aliona kama wagonjwa wengine wa kanseri walipata nafuu kisha kushikwa na ugonjwa mukali wa ngozi wenye kuleta homa. Akaanza kuwapiga wagonjwa sindano za vijidudu vile kwa kusudi. Wengine walipona, wengine walikufa kwa vijidudu vyenyewe. Coley hakujua habari ya filimbi. Alichochea kijiji kizima kusudi walinzi waamuke.

Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakiwa London, walivumbua kitu ambacho chembe yenye kuingiliwa na virusi inakiachilia kusudi chembe za jirani zijikinge. Walikiita interferoni. Ilikuwa moja ya filimbi za kwanza kupewa jina. Mwaka 1976, watu wa taasisi ya serkali ya Marekani ya kanseri, huko Maryland, walipata maji ambayo ndani yake chembe T zinaweza kuishi na kuzaana inje ya mwili. Kitu chenye nguvu ndani ya maji yale tunakiita leo interilukini-2. Mwaka 1983, Tadatsugu Taniguchi na wenzake wa Japani walipata jeni yake, na toka hapo kiwanda kikaweza kuitengeneza kwa wingi.

Katika taasisi ileile, munganga Steven Rosenberg alianza kuwapa wagonjwa dawa ile. Wa kwanza wengi walikufa, kanseri haikusikia. Mwaka 1984 mwanamuke mumoja mwenye kanseri ya ngozi iliyokuwa imeenea mwili muzima alipewa kipimo kikubwa sana, na kanseri yake ikaisha yote. Dunia ilishangaa. Mwaka 1992 serkali ya Marekani iliruhusu interilukini-2 kwa kanseri ya figo.

Sasa musikilize hesabu, maana matangazo ya simu hayaisemi. Katika majaribio yaliyoleta ruhusa ile kulikuwa wagonjwa 255. Kati ya kila 100, kama 15 uvimbe wao ulipunguka sana, na ndani yao kama 7 kanseri iliisha kabisa. Lakini pia, kati ya kila 100, kama 4 walikufa kwa sababu ya dawa yenyewe. Filimbi ilikuwa imepigwa kwa nguvu mwili muzima. Mishipa ilianza kuvuja maji, presha ikashuka, maji yakajaa mapafu. Dawa ile inapewa paka ndani ya hospitali kubwa, mugonjwa akiangaliwa saa kwa saa.

Wandugu, mutu ambaye mapafu yake tayari yameliwa na kanseri, ukimupa dawa inayojaza maji ndani ya mapafu, munaelewa hatari iko wapi.

Kanseri ya mapafu inawadanganya walinzi

Kanseri ya mapafu njo inayoua watu wengi zaidi duniani kupita kanseri zote. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa karibu watu milioni 1,8 waliokufa. Sababu kubwa ni tumbaku. Na ubaya wake ni kwamba inakawia kujionyesha. Mapafu hayana uchungu ndani yake. Mutu anakohoa, anafikiri ni baridi ya ziwa.

Tena kanseri hii ina ujanja. Walinzi wengine wanafika mupaka kwa uvimbe, lakini wakifika, chembe za kanseri zinawashika mukono na kuwaambia: «Pole, pole, hapa hakuna mwizi.» Kwa kweli, chembe T iko na kitu kama breki juu ya ngozi yake, jina lake PD-1. Kanseri inajifunza kukanyaga breki ile. Tasuku Honjo wa Kyoto aliivumbua mwaka 1992. James Allison wa Marekani alionyesha breki ingine. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Kutoka hapo zikaja dawa za kutoa breki. Mwaka 2015 ziliruhusiwa Marekani kwa kanseri ya mapafu. Kwa wagonjwa waliokwisha kupewa kimioterapia, kama mutu mumoja kati ya 5 aliona uvimbe ukipunguka. Katika jaribio lingine, la wagonjwa ambao kanseri yao ilikuwa na alama mingi ya breki ile, kisha miaka 5 karibu 32 kati ya 100 walikuwa wangali hai, na kwa wale walioanza na kimioterapia walikuwa 16 tu. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini bei yake huko Marekani inapita dolari 100 000 kwa mwaka kwa mutu mumoja. Musicheke, njo bei.

Na kutoa breki bila muto ndani ya injini hakuendeshi gari. Kwa wagonjwa wengi walinzi wamechoka ao ni wachache. Ndiyo maana waganga walirudi kwa filimbi: watoe breki, na papo hapo wapige filimbi, lakini filimbi ya pole, yenye kuchagua.

Filimbi ya pole

Kuko sitokini ingine, interilukini-15. Inafanana na namba 2, lakini iko na uzuri mumoja: inaamusha chembe T na chembe NK bila kuamusha sana wale walinzi wengine ambao kazi yao ni kutuliza vita. Waganga walitengeneza umbo lake lenye kukaa mwilini siku mingi, lenye kupigwa chini ya ngozi. Huko South Carolina, Marekani, waliipa pamoja na dawa ya kutoa breki kwa wagonjwa 21 wa kanseri ya mapafu iliyoenea. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kwa 6 kati ya 21, uvimbe ulipunguka, hata kwa wengine ambao dawa ya breki peke yake ilikuwa imewashinda. Tena wagonjwa hawakuhitaji kulala chumba cha hatari kama wale wa zamani.

Njia ya pili ilifanywa Tampa, Florida. Huko walikata kipande cha uvimbe wa mugonjwa, wakatoa chembe T zilizokuwa zimekwisha kuingia ndani, wakazikuza katika maabara juma nyingi kwa interilukini-2 mupaka zikawa mabilioni. Kisha wakazirudisha kwa mwenyewe, na wakamupa tena interilukini-2 kusudi zisilale. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Watu 16 walipokea chembe zao. Wawili kanseri yao iliisha yote, na mwaka mumoja na nusu kisha pale ilikuwa haijarudi.

Watu wawili kati ya 16. Kwa jamaa ya wale wawili ni muujiza. Kwa munganga ni mwanzo wa kazi. Kwa mutu wa biashara ni tangazo.

Na kuko pia kushindwa. Mwaka 2022 umbo lingine la interilukini-2, ambalo watu walilitumainia sana, lilipimwa kwa wagonjwa wengi wa kanseri ya ngozi pamoja na dawa ya breki. Haikuongeza kitu. Kampuni zilisimamisha majaribio. Tunasema hili kusudi mujue kama hata wenye mali na maabara, wakiwa na nia njema, wanaweza kukosa. Sasa kliniki ya kwenye simu inayoahidi kuponya wote, inajua nini ambacho wale hawajui?

Kuko neno moja litawafurahisha. Angalieni kovu lile kwenye mukono wenu, la chanjo ya BCG mulipokuwa watoto. BCG hiyohiyo, ya kukinga kifua kikuu, inatumiwa toka miaka ya 1970 kwa kanseri ya kibofu. Wanaiweka ndani ya kibofu, inaamusha walinzi. Na mwezi wa 4 mwaka 2024, serkali ya Marekani iliruhusu ile interilukini-15 itumiwe pamoja na BCG kwa kanseri ya kibofu iliyokataa BCG peke yake. Kwa mapafu, majaribio makubwa yanaendelea. Kwa hiyo mutu asiwaambie kama elimu hii ni ya watu wengine. Chombo kimoja cha kazi hii tuko nacho toka utoto. Kinachokosa kwetu ni hospitali, na feza, na mutu wa kupima mapema.

Maulizo manne tuliyopeleka

Turudie kwa barua ya jamaa. Kamati haikukataa siku ile ile. Tulikaa na watoto wa baba, tukaandika pamoja maulizo manne, na kijana wake akayapeleka kwa kliniki kwa simu yake mwenyewe.

La kwanza: Dawa inaitwa nani, jina kamili, si «sindano ya kinga»? Sitokini ni mingi, na moja inaweza kuamusha kile ambacho ingine inatuliza.

La pili: Ni dawa iliyoruhusiwa kwa kanseri ya mapafu, ao ni jaribio? Kama ni jaribio, liko wapi limeandikwa, na kamati gani inalinda wagonjwa?

La tatu: Kama ni jaribio, sababu gani mugonjwa analipa? Katika majaribio ya kweli tuliyoyataja, kwa kawaida mugonjwa halipi dawa inayopimwa.

La ine: Mugonjwa akivimba, presha ikishuka usiku, kuko chumba cha hatari? Kuko munganga? Na akifia huko, nani anarudisha mwili?

Jibu lilirudi siku tatu kisha pale. Walituma picha ya watu wanacheka, namba ya banki, na neno kama punguzo litaisha mwisho wa juma. Kwa ulizo la kwanza walijibu: «Ni siri ya kliniki.» Hapo njo kamati ilisema hapana. Hatutataja jina la kliniki ile hapa. Tunachotaka mukumbuke ni maulizo, maana kesho itakuja ingine na jina lingine.

Kijana wake alilia mbele yetu. Alisema: «Kama ingekuwa mutoto wa mukubwa wa kamati, mungelipa.» Hatukumujibu kwa hasira. Tulimwambia: «Mutoto wetu, kama tungejua mulango wa kweli, tungeuza hata mabati ya ofisi. Lakini huu si mulango, ni ukuta wamepiga rangi ya mulango.» Hakukubali siku ile.

Tulichofanya, na tulichokosa

Sanduku lililipa safari ya baba na mutoto wake kwenda ngambo ya mupaka, kwa hospitali ya kweli. Walitoa kipande kidogo cha uvimbe na kukipima, maana bila kipimo kile hakuna munganga anayeweza kujua kanseri ni ya aina gani. Ilikuwa imefika kwa ini na kwa mifupa. Waganga walimupa kimioterapia mara mbili. Mara ya tatu mwili ulikataa. Baba mwenyewe alisema: «Munirudishe kwa ziwa.» Tukamurudisha.

Miezi ile ya mwisho, feza ilitumika kwa vitu vidogo: morfini ya kunywa, muto wa kulalia ameketi kusudi apumue, makala ya chai, muuguzi wa kupita kila siku ya pili. Alikufa nyumbani, watoto wote wamezunguka, na shamba la michikichi lingali la jamaa. Mama anavuna. Tunalisema kwa sababu mama mwenyewe alituomba tuliseme.

Lakini tusijisifu. Baba alianza kukohoa mapema sana mbele ya barua ile. Alifika kwa senta, wakapima makohozi, hakukuonekana kitu. Wakamupa dawa za kifua kikuu hivihivi. Akameza miezi sita, anakonda. Sisi wa kamati tulimuona kila mwezi kwenye mukutano, tulisikia anakohoa, tulisema «pole muzee», tukaenda nyumbani. Hakuna mutu aliuliza: makohozi hayana kitu, dawa haisaidii, sasa ni nini? Makosa makubwa zaidi si ya siku tulikataa 6 000. Makosa ni ile miezi sita ambapo labda dolari 60 za safari na picha zingefanya kazi zaidi kuliko 18 000 kisha pale. Hatuwezi kusema angepona. Tunasema tu kama hatukumupa nafasi.

Neno kwa wanamemba

Kwa hiyo kamati inaomba mukutano ukubali kanuni hizi.

Mutu akikohoa kupita juma mbili, aende kupima makohozi, na mashine ya kisasa kama iko karibu. Tusisahau: kwetu, kikohozi cha muda murefu mara mingi ni kifua kikuu, na kifua kikuu kinapona. Musianze kuogopa kanseri kwa kila kikohozi.

Lakini kama makohozi hayana kitu, na mwezi mumoja wa dawa haujaleta nafuu, ao mutu anakohoa damu, anakonda, sauti inakauka, kifua kinauma: sanduku lilipe safari na picha ya kifua mara moja, bila kungoja mukutano. Watu wawili wa kamati watie sahihi, inatosha.

Mutu akipata tangazo la dawa ya mbali, alete kwa kamati mbele ya kutuma hata franka moja. Maulizo manne yatabandikwa kwa mulango wa ofisi.

Na tumbaku, wazee wetu. Munatusamehe, lakini tutasema. Mutu akiacha leo, kisha miaka 10 hatari yake ya kanseri ya mapafu inashuka karibu nusu kuliko kama angeendelea. Hakuna sitokini yenye kufanya vile kwa bei ile. Wamama nao, moshi wa kuni ndani ya jiko lililofungwa si muzuri kwa mapafu. Fungueni dirisha, ao mupike inje wakati hakuna mvua.

Neno kwa wafazili

Marafiki, munatuuliza kila mwaka: mutumie feza kwa nini? Hatuwaombi interilukini. Kwa leo hatuna hospitali ya kuipokea, na kuileta bila chumba cha hatari ni kuua watu kwa heshima. Tunawaomba vitu vitatu: mufuko wa safari za kupimwa mapema, mafundisho ya wauguzi wetu juu ya kutuliza maumivu, kama vile Hospice Africa Uganda inavyofanya toka mwaka 1993 na morfini ya kunywa, na sauti yenu huko muliko. Pahali ambapo majaribio ya dawa hizi yanapangwa, muulize: sababu gani karibu hakuna mugonjwa kutoka upande wetu? Dawa ikikuja siku moja kwa bei ya watu, isikute kama hakuna mutu kwetu anajua kuisoma.

Maulizo ya mukutano

Mama mumoja aliuliza: «Majani na vidonge vya sokoni vya kuongeza kinga, si ni kitu kimoja?» Hapana, mama. Sitokini ukiimeza tumbo linaisaga kama nyama. Na «kuongeza kinga» si kila mara kuzuri. Munakumbuka COVID: wengine walikufa kwa sababu filimbi zote zililia pamoja na hazikunyamaza. Dawa iliyookoa wengi kati ya wagonjwa wale wa hali mbaya, deksametazoni, kazi yake ilikuwa kutuliza.

Kijana mumoja aliuliza: «Kama nina kanseri na nina feza zangu, munanikataza?» Hakuna wa kukukataza. Feza yako ni yako. Ila uende kwanza mahali penye kujulikana, kama Ocean Road huko Dar es Salaam ao taasisi ya kanseri ya Uganda huko Kampala, wakueleze kanseri yako ni ya namna gani. Dawa ya kutoa breki inasaidia wengine na haisaidii wengine, na kipimo njo kinasema.

Wa mwisho kusimama alikuwa yule kijana, mutoto wa marehemu. Watu walinyamaza. Alisema: «Mimi ningali ninafikiri labda ingefaa. Usiku ninafikiri vile. Lakini mama yuko na shamba. Basi.» Akaketi. Hatukuongeza neno juu ya lake, na hapa pia hatuongezi.

Kanuni zilipigiwa kura, zikapita. Muchango wa mwezi unaendelea kama kawaida, na muweka hazina anapokea kila siku ya kwanza ya juma.

Tuangaliane.